Tusiyatupe majuma ya mwisho ya muhula wa tatu

Yeyote apitaye kando ya shule ya msingi katika eneo la Mikinduri mwishoni mwa Oktoba hana haja ya kuuliza kama mtihani umekwisha. Masikio yatamwambia. Walimu wamejifungia katika chumba chao wakiwa na mirundo ya karatasi. Wanasahihisha, wanajumlisha alama na kujaza ripoti za wazazi. Wanafunzi wako madarasani peke yao. Ubaoni pamebaki tarehe ya juma lililopita, na hakuna aliyejali kuifuta. Mbele ya darasa amesimama kiranja, ameshika kipande cha karatasi, anaandika majina ya wapiga kelele. Na kwa kweli hayo ndiyo maandishi pekee yatakayofanyika katika chumba hicho siku nzima.

Hali hii imekuwepo kwa miaka mingi hata tumeizoea, nasi tumeipa jina la heshima: tunasema watoto "wanasubiri kufunga shule". Ninaloliuliza leo ni hili: wanasubiri kwa gharama gani?

Muhula wa tatu ndio mfupi kuliko yote. Huwa wa majuma tisa hivi au kumi. Ukiondoa juma la mtihani, na ukiondoa siku za kusahihisha, na zile za kufagia uwanja, kuhesabu madawati na kukusanya vitabu, utakuta kwamba sehemu kubwa ya muhula imekwenda bila mtoto kusoma ukurasa mmoja kwa hiari yake. Kisha inafuata likizo ndefu kuliko zote za mwaka. Mwaka wa 2025 shule zilifungwa Oktoba ikielekea ukingoni, na wanafunzi wakarejea Januari 2026. Ongeza majuma yale mawili au matatu ya kusubiri juu ya miezi miwili ya kukaa nyumbani, utapata karibu robo ya mwaka ambamo mtoto hasomi wala haandiki. Hesabu ya kujumlisha haipotei upesi kichwani, maana mtoto atatumwa dukani na kupewa chenji. Lakini kusoma, hasa kwa mtoto wa darasa la pili au la tatu ambaye ndiyo kwanza ameanza kuunganisha silabi bila kutumia kidole, hufifia kama njia isiyopitwa na watu.

Wala si siri kwamba wengi wao hawakuwa wamefika mbali. Uchunguzi wa Uwezo, ulioanza humu nchini mwaka wa 2009 kwa kuwatembelea watoto majumbani mwao, ulituambia mwaka baada ya mwaka kwamba ni takriban watatu tu kati ya kila watoto kumi wa darasa la tatu walioweza kazi ya darasa la pili. Mpango wa Tusome uliopelekwa katika shule za umma za nchi nzima kuanzia mwaka wa 2015 ulisaidia sana, kwani ulimpa kila mtoto kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza na kumpa mwalimu mwongozo wa kila siku. Hata hivyo, mwongozo mzuri kuliko wote haumsaidii mwalimu aliyeko chumba kingine akijumlisha alama.

Katika nchi yetu ya Tigania jambo hili lina ubaya wake wa ziada, na sharti tulitaje bila haya. Mvua kubwa na ya kutegemewa upande huu wa Mlima Kenya na milima ya Nyambene ni ile inayoanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba. Mvua ikinyesha, miraa huchipua kwa wingi. Mchumaji anayetakiwa ni mtu mwepesi, mwenye vidole vya haraka, anayeweza kupanda hadi matawi ya juu bila kuyavunja. Na nani amjibuye sifa hizo kuliko mvulana wa miaka kumi na miwili? Mvulana huyo akikaa darasani siku tatu mfululizo pasipo kufundishwa, siku ya nne hatakuja. Atakwenda anakolipwa. Usimwite mvivu. Amefanya hesabu yake sawasawa: huku kuna kelele na jina lake kuandikwa kwenye karatasi ya kiranja, kule kuna noti mkononi kabla ya jua kutua. Wenye kumbukumbu hawajasahau mwaka wa 2020, shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa Korona na madarasa mengi yasirejee hadi Januari 2021. Wavulana walioonja fedha za miraa katika miezi ile walirudi shuleni kwa shingo upande, na wako ambao hawakurudi kabisa.

Simlaumu mkulima wa miraa. Mimi mwenyewe nililipiwa karo na miti hiyo. Nasema tu kwamba shule ndiyo inayomfungulia mtoto mlango wa kutoka, na inaufungua mapema, katika majuma ambayo sheria na ratiba zinasema bado ni ya masomo.

Kuna wanaopendekeza dawa. Wengine husema tuwaonyeshe watoto filamu, au waimbe na kucheza mpira mpaka siku ya kufunga. Mpira ni mzuri, lakini haujazi majuma mawili. Wengine husema masomo ya ziada yaendelee Desemba. Hao wakumbuke kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ilipiga marufuku mafunzo ya likizo, na kwamba mtoto aliyechoshwa kwa mtihani mwaka mzima hatatibiwa kwa kuongezewa mtihani mwingine.

Maoni yangu ni tofauti na ya makundi hayo mawili. Naamini kwamba majuma haya yasiyo na mtihani mbele yake ndiyo bora kuliko yote kwa kusoma na kuandika. Kwa mwaka mzima mwalimu amefundisha akiwa na mtahini mgongoni. Sasa mtahini ameondoka. Mbona tusifurahie?

Hebu tutazame jinsi tunavyofundisha insha. Katika KCPE, iliyofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, mtoto alipewa dakika arubaini kuandika insha ya alama arubaini. Nasi walimu tulijua njia ya mkato. Tulimkaririsha mtoto tamathali za kupamba: jogoo liwike, jua lichomoze upande wa mashariki kwa madaha, ndege waimbe nyimbo tamutamu, mama aandae staftahi. Basi ikawa mtoto wa Mikinduri, ambaye asubuhi ya Oktoba huamka kwenye ukungu na matope ya kumfika kifundoni, anaandika juu ya jua lenye madaha. Nilizifundisha sentensi hizo kwa miaka, nami nazijutia. Kisha ukaja KPSEA mwaka wa 2022 kwa Gredi ya Sita, mtihani wa kuchagua jibu, na wako walimu waliotua mzigo: kama insha haitahiniwi, ya nini kuisumbukia? Tumetoka katika insha ya kukariri tukaingia katika kutokuwa na insha hata kidogo. Ubunifu wa kweli haukupata nafasi katika zama hizo wala katika hizi.

Niruhusuni nisimulie somo moja nililolifundisha katika juma la mwisho la muhula, miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja isiyo mbali na soko la Mikinduri. Darasa lilikuwa la sita, watoto hamsini na wanne, mvua inapiga mabati kiasi kwamba walioketi nyuma hawakunisikia mpaka niliposogea katikati yao. Sikuwa na maandalizi yoyote. Niliwaambia wafunge madaftari, nikaanza kuwasimulia habari za Mbwaa.

Kila Mmeru aliyekaa na babu yake ameisikia habari hiyo walau nusu. Wazee husimulia kwamba watu wetu walitoka Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji, ambayo wanahistoria wengi huielekeza upande wa pwani. Huko walikuwa chini ya watawala walioitwa Nguo Ntuune, maana yake watu wa nguo nyekundu. Watawala hao waliwatesa kwa kuwapa kazi zisizowezekana. Waliamriwa walete ndama anayetoa mavi meupe. Waliamriwa watengeneze kiatu chenye manyoya juu na chini. Tunda likatumbukizwa katika shimo refu, wakaambiwa walitoe bila kulichoma. Kila mara walitafuta akili. Ndama alinyweshwa maziwa matupu. Kiatu kilikatwa kwenye ngozi ile inayoning'inia chini ya shingo la ng'ombe, yenye manyoya pande zote mbili. Shimo likajazwa maji, tunda likaelea lenyewe. Ndipo ikaja amri ya mwisho: fueni mkuki mrefu ufikao mbinguni.

Hapo nilinyamaza. Nikawaambia, "Fungueni madaftari. Ninyi ndio wazee wa Mbwaa. Mtafanya nini? Andikeni."

Sijapata kuona darasa likitulia vile, na hapakuwa na kiranja wa kuandika majina. Mmoja aliuliza kama ingekuwa na alama. Nikamjibu hapana, akashusha pumzi na kuinama. Wako walioandika mistari mitatu, wako waliojaza kurasa mbili. Wengi walijaribu kuunganisha miti. Msichana mmoja aliandika kwamba wangesubiri siku ya ukungu, wausimamishe mkuki juu ya kilima, mtawala asiweze kuona ncha yake; huyo bila shaka aliyajua mawingu ya Nyambene. Lakini lililonishinda ni jibu la mvulana ambaye mwaka mzima hakuwahi kunipa zaidi ya nusu ukurasa, naye alikuwa miongoni mwa wale wanaotoweka msimu wa miraa. Aliandika kwa Kiswahili kilichopinda huku na huku kwamba wangemwambia mtawala apande yeye kwanza akapime urefu, ili mhunzi asiharibu chuma. Darasa zima lilicheka nilipoisoma. Mvulana yule alikuja shuleni siku zote zilizobaki. Sisemi aligeuka mwanafunzi bora, nasema alikuja.

Siku ya pili niliwaambia jinsi wazee wenyewe wanavyomaliza: kwamba safari hii akili ilikwama, wakaamua kutoroka usiku na kuvuka maji. Ukazuka mjadala mkali, kama walikuwa waoga au werevu, na mjadala ule nao ukawa maandishi. Siku ya tatu watoto walitumwa kwa babu na nyanya zao kuuliza habari ambayo mwalimu haijui, waisikilize kwa Kimeru na kuja kuiandika kwa Kiswahili. Mtoto anayefanya hivyo anajifunza tafsiri, muhtasari na usimulizi kwa mpigo mmoja, bila mwalimu kuyataja majina hayo. Makao ya Njuri Ncheke yako Nchiru, papa hapa Tigania, wazee hawajatuishia. Ila wanapungua kila mwaka, na kile kisichoandikwa na watoto wa leo hakitaandikwa na mtu mwingine.

Mwalimu asiye Mmeru asidhani kwamba ameachwa nje. Yeye ndiye mwenye bahati zaidi, kwa sababu watoto watamwandikia wakijua kweli kwamba hajui. Mtu anaandika vizuri anapomweleza asiyejua. Barua kwa rafiki wa kubuni aishiye Mombasa, ambayo haijapata kutiwa katika bahasha tangu ianze kufundishwa, haiwezi kumfundisha mtoto kwamba maandishi humfikia mtu. Mwache amwandikie mwanafunzi wa shule ya ng'ambo ya mto, na barua ipelekwe na mwalimu anayepita huko kwa bodaboda, na jibu lirudi kabla ya kufunga. Nimeona watoto wakililinda jibu la aina hiyo kama hati ya shamba.

Kuhusu kusoma, tusijidanganye kwamba hakuna cha kusoma. Mchinjaji sokoni anafungia nyama magazeti ya zamani. Mwombe kurasa chache kabla hazijalowa damu. Katika duka la dawa za mimea kuna vikaratasi vinavyoeleza kiasi cha dawa cha kuchanganya na maji, na siku ngapi zipite kati ya kunyunyiza na kuvuna. Wangapi katika nyumba zetu wanasoma maelezo hayo kabla ya kunyunyizia maharage? Mtoto wa darasa la saba akijifunza kuyasoma na kumweleza baba yake, amefanya kazi ambayo hakuna mtihani unaoipima. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, nyanya wengi hupokea fedha zao kwa ujumbe ambao husomewa na mjukuu. Mjukuu asiyetofautisha ujumbe wa kweli na wa tapeli atamfilisi nyanya yake huku akijitia msomi. Lete mifano ya jumbe hizo darasani, watoto wapekue wenyewe neno lililokaa upande.

Nafika sasa kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni kabati.

Kuanzia Januari 2018 serikali ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, badala ya fedha za kuvinunulia. Vitabu viliingia kwa maboksi. Aidha, shule nyingi zina vitabu vya hadithi vilivyotolewa na wafadhili, makanisa na wanafunzi wa zamani. Viko wapi? Katika shule kadhaa nilizozitembelea viko kabatini, na kabati lina kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu ambaye leo amekwenda mkutanoni. Juma la mwisho la muhula ndilo ambalo hata vile vichache vilivyokuwa nje hukusanywa, vikahesabiwa, vikafungiwa. Hivyo basi mtoto huenda likizo ya miezi miwili mikono mitupu, na panya wa shule hubaki na maktaba.

Naelewa hofu ya mwalimu mkuu. Yeye ndiye atakayeulizwa na mkaguzi idadi ya vitabu, wala hataulizwa idadi ya vilivyosomwa. Swali hilo la ukaguzi ndilo linalopaswa kubadilika, na maafisa wa elimu wa kaunti ndogo wanaweza kulibadilisha bila kungoja barua kutoka Nairobi. Vitabu vya kiada na vifungiwe kama ni lazima. Lakini kitabu cha hadithi kiliandikwa ili kichakae. Kilichotoka mwaka mzima kikarudi na jalada lililochanika kimefanya kazi yake kuliko kile ambacho bado kinanuka wino.

Najua mwenzangu mwalimu atanijibu nini. Atasema kwamba darasa lake lina watoto sitini, kwamba ripoti zinatakiwa Ijumaa, na kwamba mtoa maoni gazetini hana karatasi za kusahihisha. Anayo haki. Kwa sababu hiyo sipendekezi jambo lolote la kusahihishwa. Maandishi ya majuma haya yasitiwe wino mwekundu hata kidogo. Yasomwe kwa sauti, yabandikwe ukutani, wenzao wayasome na kubishana. Mwalimu anaweza kuketi nyuma ya darasa akijaza ripoti zake huku mtoto mmoja baada ya mwingine akisoma mbele. Atakosa utulivu, bila shaka, ila hata katika chumba cha walimu hakuupata, kwa zile kelele.

Nanyi wanafunzi wa sekondari mnaosoma ukurasa huu, msidhani kwamba mnaangalia ugomvi wa watu wengine. Mlio Kidato cha Nne mkimaliza KCSE mwezi wa Novemba mtakaa nyumbani kwa miezi, mkisubiri matokeo na kusimama kwenye makutano ya barabara. Nyumba ya jirani ina mtoto wa Gredi ya Tatu. Mmesoma tamthilia na riwaya, mkazichambua hadi zikawachosha. Kaeni na mtoto huyo nusu saa jioni mumsomee hadithi, kisha yeye awasomee. Hamtalipwa. Na ikiwa mnachuma miraa mchana, jioni bado mna macho.

Mwaka ule wa habari za Mbwaa niliomba ufunguo wa kabati, na baada ya maneno mengi nikaupata. Niliazima vitabu arubaini vya hadithi kwa likizo ya Desemba. Januari vilirudi thelathini na saba. Kimoja kilinuka moshi wa jikoni. Kingine kilikuwa na hesabu za mabunda ya miraa nyuma ya jalada, kwa mwandiko wa mtu mzima, jambo lililonionyesha kwamba kilipita mikono zaidi ya mmoja. Mwenye ufunguo alinidai vile vitatu, nami nikavilipia kwa awamu.

Atakayetaka kujaribu muhula huu hahitaji kamati. Achukue daftari moja la kurasa thelathini na mbili, apige mistari ya safu tatu: jina la mtoto, jina la kitabu, tarehe. Safu ya nne, ya saini ya mzazi, niliiweka mwaka wa kwanza nikaiondoa wa pili, kwa sababu watoto wengine walikosa vitabu kwa kuona haya kusema kwamba nyumbani hakuna ajuaye kutia saini.